Sifa ya Kuungaunga: Modeli za Plastiki na Merikebu za Angani

Neno kuungaunga halina heshima kubwa katika lugha yetu. Nyumba ikisemwa kuwa ni ya kuungaunga, msikiaji huona mabati yasiyolingana na mlango uliotoka katika nyumba nyingine. Mtu akisemwa kuwa anaishi kwa kuungaunga, huhurumiwa kama si kudharauliwa. Sifa twampa yule aliyebuni, yaani yule tunayedhani kuwa ametoa kitu mahali pasipokuwa na kitu. Nia ya insha hii ni kuipima hukumu hiyo kwa historia ya kazi moja ambayo watu wengi wameiona kwa macho, walakini wachache wanajua ilivyotendeka: kazi ya kutengeneza merikebu za angani za sinema kwa vipande vya modeli za plastiki vilivyokusudiwa kuwa vitu vingine kabisa.

Modeli ninayoisema ni ile iuzwayo ndani ya sanduku la karatasi ngumu. Juu ya sanduku pana picha ya ndege, kifaru au manowari. Ndani mna vipande vingi vilivyoshikana na viunzi vyao kama matunda na vikonyo, pamoja na karatasi ya maelekezo. Mnunuzi hukata kipande cha kwanza, hukigandisha kwa gundi na cha pili, akaendelea hivyo mpaka kitu cha pichani kikasimama mezani. Ni kazi ya subira na nidhamu, lakini akili iliyoamua umbo si yake. Hata hivyo hutokea mtu akatia mkono katika masanduku mawili, akachukua gurudumu la kifaru na bawa la ndege, akaitupa karatasi ya maelekezo, akatengeneza chombo kisichopata kuwako. Wenye lugha ya Kiingereza wameupa ufundi huo jina la ukali, lenye maana ya kuziponda seti. Sisi tutauita kuungaunga, na tutazame kama jina hilo litatoka katika hukumu hii na aibu yake ya zamani au na heshima mpya.

Asili ya modeli hizi imeshikana na vita. Mwaka 1936 zilianza kuuzwa katika Uingereza modeli za ndege za plastiki zilizoitwa Frog Penguin. Kipimo chake kilikuwa 1:72, maana yake urefu wa ndege ya kweli uligawanywa mara 72. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, kipimo hicho kilitumika kufundishia macho. Askari wa mizinga alipaswa kuitambua ndege kwa umbo lake, tena upesi, kwa kuwa kumkosea rafiki na kumwacha adui yalikuwa makosa ya mauti yote mawili. Mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge modeli za ndege 500,000 kwa ajili ya mafunzo hayo. Kwa hiyo modeli ya ndege ilikuwa kitabu cha askari kabla ya kuwa burudani ya mamilioni ya watoto.

Baada ya vita viwanda vilishika kazi hiyo kwa nguvu. Kampuni ya Airfix, iliyoanzishwa London mwaka 1939 na Nicholas Kove, mzaliwa wa Hungaria, ilikuwa ikitengeneza vitu vya kuchezea na vitana. Mwaka 1949 ilitengeneza modeli ya trekta la Ferguson kwa ajili ya wauzaji wa matrekta hayo, na mwaka 1952 ikatoa merikebu ndogo ya Golden Hind, iliyouzwa katika maduka ya Woolworth. Marekani zilisimama kampuni za Revell, Monogram na Aurora. Japani, katika mji wa Shizuoka, kampuni ya Tamiya ilianza kwa modeli za mbao, ikatoa manowari ya Yamato ya plastiki mwaka 1960, kisha ikaingia katika vifaru. Kipimo cha 1:35, ambacho leo chafuatwa na watengenezaji wa vifaru duniani kote, hakikutokana na hesabu ya kitaalamu. Kifaru cha kwanza cha Tamiya kilipaswa kuwa na nafasi ya mota na betri ndani yake, na ukubwa wa betri ndio uliokata shauri.

Njia ya kutengeneza vipande hivyo yafaa ielezwe, kwa sababu ndiyo iliyofungua mlango wa yaliyofuata. Plastiki huyeyushwa, ikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, ikapoa na kuganda. Kalibu ni ghali sana, maana fundi huichonga kwa miezi mingi. Bali kipande kitokacho ndani yake ni rahisi, maana kalibu moja huzaa maelfu kwa maelfu. Hivyo basi, kufika miaka ya 1960, ustadi mkubwa wa wachongaji ulikuwa ukiuzwa kwa fedha za mfukoni mwa mtoto. Magurudumu, mifuniko, ngazi, matangi ya mafuta, mabomba ya moshi na mitutu ya mizinga, vyote kwa udogo na kwa usahihi, vilijaa katika maduka. Vilingoja mtu wa kuvitazama kwa jicho jingine.

Anga nalo halikusahauliwa na viwanda. Mwaka 1959 Monogram iliuza modeli za vyombo vya angani vilivyobuniwa na Willy Ley, mwandishi wa elimu ya roketi aliyetoka Ujerumani. Mwaka 1966 kampuni ya AMT ilitoa modeli ya Enterprise, merikebu ya mchezo wa televisheni wa Star Trek. Modeli hiyo iliwarudia watengenezaji wa mchezo kwa njia ya ajabu kidogo. Mwaka 1967 walihitaji merikebu ya pili, iliyoharibiwa vitani. Walichukua modeli ya dukani, wakaiunga, wakaichoma na kuibomoa hapa na pale, na kwa jina wakaiita Constellation. Nambari ya Enterprise ilikuwa 1701. Nambari ya Constellation ikawa 1017, kwa kuzihamisha tarakimu zile zile zilizokuwamo sandukuni. Huu ni mfano mdogo, lakini una hali zote za kuungaunga: haja, uhaba, na akili inayoona kwamba tarakimu nne zaweza kusema zaidi ya neno moja.

Shule kubwa ya ufundi huu ilikuwa Uingereza. Huko Slough, Derek Meddings aliongoza kazi ya vyombo vidogo katika michezo ya vikaragosi ya Gerry Anderson, na hasa Thunderbirds, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1965. Vyombo vilihitajika kila juma, na fedha hazikuwa za kumwaga. Mafundi walivipamba kwa vipande vya modeli za dukani, na kwa vyombo vya nyumbani pia: katika ukuta wa karakana inamorushiwa roketi ya Thunderbird 1 kilibandikwa chombo cha kukamulia ndimu, na watazamaji wakakipokea kama sehemu ya mtambo. Meddings na wenzake waligundua vile vile kwamba chombo kipya kinachong'aa hakisadikiki. Wakavipaka vyombo vyao masizi, mafuta na michubuko, ili vionekane kuwa vimefanya kazi jana na juzi.

Karibu na wakati huo huo, huko Borehamwood, Stanley Kubrick alikuwa akitengeneza filamu ya 2001: A Space Odyssey, iliyotoka mwaka 1968. Hapa fedha zilikuwapo, na washauri wa elimu ya anga walikuwapo. Walakini mafundi wake nao walinunua masanduku ya modeli kwa wingi na kuvibandika vipande vyake juu ya merikebu zao. Modeli kubwa ya merikebu Discovery ilikuwa na urefu wa futi 54. Jambo hili lafaa kuzingatiwa na wale wanaodhani kuwa kuungaunga ni njia ya maskini peke yake. Tajiri naye aliifuata, kwa kuwa hakuona njia nyingine ya kupata maelfu ya sehemu ndogo, kila moja na umbo lake.

Douglas Trumbull, mmoja wa mafundi wa Kubrick, alirudi Marekani na elimu hiyo. Mwaka 1972 aliiongoza filamu yake ya Silent Running, habari za merikebu ya angani iliyobeba misitu ya mwisho. Modeli ya merikebu hiyo, yenye urefu wa futi 26 hivi, ilifunikwa kwa vipande vya mamia ya modeli za vifaru, na miongoni mwa vijana walioifanyia kazi alikuwamo John Dykstra. Matukio ya ndani ya merikebu yalipigwa picha katika manowari ya kweli ya kubeba ndege, Valley Forge, iliyokuwa imestaafishwa ikingoja kuvunjwa. Basi nje ya merikebu ile mlikuwa na vifaru vidogo, na ndani mlikuwa na manowari nzee. Vyombo vya vita viwili, kimoja cha uongo na kimoja cha kweli, vikitumika kusimulia hadithi ya mtu aliyetaka kuiokoa miti.

Mwaka 1975 Dykstra aliitwa na George Lucas kuongoza karakana mpya, Industrial Light & Magic, katika ghala moja la Van Nuys, California. Kazi yao ilikuwa filamu ya Star Wars, iliyotoka mwaka 1977. Grant McCune alisimamia chumba cha modeli, na pamoja naye walikuwapo Lorne Peterson, Steve Gawley, Joe Johnston na wengine. Walinunua masanduku kwa marundo, wakayafungua, wakavipanga vipande kwa umbo na kwa ukubwa. Kifaru kilipofika mezani pao hakikuwa kifaru tena. Kilikuwa akiba ya miduara, mistari, matuta na mashimo. Vipande hivyo wao walivipa jina la mzaha, nasi tunalo neno letu linalovitosha: vikorokoro.

Katika filamu hiyo mna ushahidi bora wa nguvu ya vikorokoro. Mwanzoni kabisa, merikebu ndogo yakimbia, na nyuma yake yatokea merikebu ya adui, kubwa hata yaonekana haina mwisho. Macho hayana shaka ipi ni kubwa. Lakini mezani mambo yalikuwa kinyume: modeli ya ile ndogo ilikuwa na urefu wa futi 6 na zaidi, na ya ile kubwa futi 3 tu. Tena ile ndogo ilitengenezwa kwanza iwe merikebu ya mmoja wa mashujaa, ikaondolewa katika cheo hicho kwa sababu ilifanana mno na chombo cha mchezo wa Space: 1999, ikapewa kazi nyingine. Hata merikebu nzima, basi, iliweza kuungwaungwa katika hadithi kama kipande kinavyoungwa katika merikebu.

Kwa nini macho hudanganyika hivyo? Sababu ya kwanza ni ya kipimo. Uso laini hausemi ukubwa wake; yai likipigwa picha peke yake laweza kuwa yai au kuba. Jicho huhukumu ukubwa kwa kulinganisha sehemu ndogo na nzima. Kadiri sehemu ndogo zinavyozidi wingi na udogo, ndivyo nzima inavyokua akilini mwa mtazamaji.

Sababu ya pili ni ya ndani zaidi, nami naiona kuwa ndiyo siri ya ufundi huu. Vikorokoro vilivyobandikwa juu ya merikebu zile havikuchongwa ovyo. Kila kimoja kilikuwa mfano mwaminifu wa kitu kilichowahi kufanya kazi. Mfuniko ulikuwa na bawaba zake kwa kuwa ulipaswa kufunguka. Wavu ulifunika injini kwa kuwa injini ilihitaji hewa. Parafujo zilikaa mahali penye kuvutwa na uzito. Wahandisi wa kweli walisumbukia maumbo hayo, mara nyingi katika shida ya vita, na mchongaji wa kalibu akayanakili kwa uaminifu. Kipande kikiondolewa katika kifaru na kuwekwa merikebuni, jina la kazi yake hupotea, lakini sura ya kuwa na kazi hubaki. Mtazamaji hajui mfuniko ule ni wa nini. Ajua tu kwamba ni wa kitu fulani. Hivyo wakati ujao ulisadikika kwa kuwa ulijengwa kwa masalio ya wakati uliopita.

Hapa msomaji mkali aweza kusimama na kuuliza: ikiwa maumbo ni ya wengine, fundi amebuni nini? Swali ni la haki. Mwaka 1962 Claude Lévi-Strauss, katika kitabu chake La Pensée sauvage, alimtofautisha mhandisi, ambaye huanza na shauri kisha akatafuta vifaa vyake, na fundi wa vitu vilivyopo, ambaye huanza na akiba yake ya mabaki kisha akaiuliza yaweza kusema nini. Miaka 20 kabla yake, mwaka 1942, Pablo Picasso aliunga kiti cha baiskeli na usukani wake, akapata kichwa cha fahali. Na mwaka 1951 alitumia vigari viwili vya kuchezea kuufanya uso wa nyani. Hakuna aliyesema kuwa kichwa kile ni mali ya mwenye kiwanda cha baiskeli. Kilichobuniwa hapo ni uhusiano; na uhusiano, ingawa haushikiki kwa mkono, ndio uliofanya watu waone fahali mahali palipokuwa na chuma chakavu. Nasi tusiende mbali. Aliyeona koroboi ndani ya kopo, na aliyeona katambuga ndani ya tairi, hawakupungukiwa na ubunifu kwa kuwa bati na mpira vilikuwako kabla yao. Kuumba pasipo kitu ni sifa ya Mungu. Binadamu apewa vitu, akaulizwa atavipangaje.

Walakini utetezi huu haufuti deni. Sifa za sinema ziliwafikia baadhi ya mafundi: mwaka 1978 Dykstra na McCune walikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Oscar kwa kazi ya Star Wars. Wachongaji wa kalibu za Japani, Uingereza na Marekani, ambao vipande vyao vilijaa katika kila ubavu wa merikebu zile, hawakutajwa. Deni hilo limeanza kulipwa na watu wasiotazamiwa. Wapo wapenzi wa modeli, katika nchi nyingi, wanaozichunguza picha za merikebu za mwaka 1977 kwa kioo cha kukuzia, wakitafuta kila kipande kilitoka katika sanduku la kampuni gani, kifaru gani, ndege gani. Huyatafuta masanduku ya zamani yasiyotengenezwa tena, wakahakikisha kwa kuvilinganisha vipande. Hii ni kazi ya mhakiki wa miswada ambaye hufuata mstari mmoja wa shairi mpaka kwa mshairi wa kwanza, na ina adabu ile ile: humheshimu aliyeunga bila kumsahau aliyechonga.

Kuungaunga hakukubaki sinemani. Mwaka 1980 kampuni ya Bandai ilianza kuuza modeli za mashine kubwa zenye umbo la mtu kutoka katika Gundam, hadithi ya televisheni ya Japani ya mwaka 1979, na vijana wakazibadili kila namna katika meza zao. Mwaka 1982 Kow Yokoyama alianza kuonyesha katika gazeti la Hobby Japan mashine za vita vya karne ijayo alizoziunga kwa vipande vya vifaru, ndege na magari. Hapakuwa na filamu nyuma yake. Modeli zenyewe ndizo zilizozaa hadithi, na viwanda vikaja baadaye kuzitia sandukuni. Mkono uliotangulia ulikuwa wa mwenye gundi.

Kisha ikaja kompyuta. Mwaka 1993 Babylon 5 ilionyesha televisheni inaweza kuwa na merikebu za angani zisizoguswa na mkono. Tena aliyeongoza kazi hiyo, Ron Thornton, alikuwa amepata kuwa fundi wa modeli. Mwaka 2006 Industrial Light & Magic iliitoa karakana yake ya modeli mikononi mwa wengine. Leo zipo programu zinazomwaga vikorokoro juu ya uso wowote kwa amri moja, kwa wingi usiowezekana kwa vidole. Sipingi chombo kipya. Wasanii wakubwa wanakitumia. Lakini kikorokoro kilichomwagwa hivyo hakina nasaba. Hakikufunika injini yoyote wala hakikutazamwa na mtu aliyejiuliza chaweza kuwa nini tena. Wingi umebaki, na mazungumzo ya fundi na kitu yamekatika. Pengine ndiyo sababu, mwaka 2019, watengenezaji wa The Mandalorian walirudi mezani na kuiunga merikebu ya shujaa wao kwa mikono, ingawa kompyuta zilikuwa tele.

Limebaki jambo moja, nalo ni onyo. Mwaka 2017 Bandai iliuza modeli kubwa ya Millennium Falcon, merikebu mashuhuri kuliko zote za Star Wars, yenye vikorokoro vyote vya modeli ya karakana, kila kimoja mahali pake. Vile vilivyokuwa vipande vya magari na vya vifaru sasa vimechongewa kalibu mpya, vikawa vipande halali vya merikebu, na karatasi ya maelekezo yasema kila kimoja kigandishwe wapi. Mnunuzi hutimiza kwa utii wote kitu kilichozaliwa kwa kukataa kutii. Siilaumu kampuni wala mnunuzi. Hivyo ndivyo kila ubunifu unavyogeuka kuwa mapokeo, na mapokeo yana uzuri wake. Lakini anayetaka kuwaheshimu mafundi wa Van Nuys kwa kweli hatamaliza kazi yake pale maelekezo yanapomalizika. Viunzini hubaki vipande vya ziada, na rafuni pana sanduku jingine, la kitu kingine kabisa. Hapo ndipo kuungaunga kunapoanza, na mwenye kukufanya hana sababu ya kuona haya.